Skuta ya Kuvuka Upepo

Machame
Jumanne, 7 Januari 2025

Kwako Oili Chafu,

Usishtuke. Ni mimi Loveness, yule yule wa kitanda cha juu yako bwenini. Nimesikia baba yako alikunyang'anya simu mwezi wa tisa na hadi leo hajakurudishia, ndiyo maana nakuandikia kwenye karatasi kama watu wa zamani. Anayekuletea ni Mama Elisifa, yule anayeshusha ndizi hapo Pasua kila Jumanne na Ijumaa. Jibu mpe yeye, atapanda nalo.

Nimepata kazi. Baba mdogo ameniingiza kwenye banda la kufungasha maharage machanga huko tambarare, mbele ya Boma Ng'ombe. Naanza tarehe tatu Februari. Banda liko ndani, mbali na lami, gari za abiria hazifiki, na saa moja kamili asubuhi geti linafungwa. Ukikuta limefungwa mara tatu, kazi huna. Baba amekubali kuninunulia skuta. Pikipiki hataki, anasema binti yake hatapanua miguu barabarani kama dereva wa bodaboda.

Shida ni upepo wa kule. Mwaka jana dada mmoja wa banda hilo hilo alipeperushwa na skuta yake mpaka kwenye mtaro. Baba anasema niende kwa Fundi Eliezeri anichagulie. Sasa mimi nitaingiaje gereji kwa baba yako? Wewe umekulia mle ndani. Darasa zima lilikuwa linakusikia harufu.

Nichagulie skuta ya kuvuka upepo ule. Ikiwa nzuri, nitamwandikia baba yako ile barua unayoitaka. Unajua ipi. Hapa siitaji.

Ndani ya bahasha kuna jani la isale. Huwezi kulikataa, wewe ni Mchagga.

Loveness Munisi


Pasua
Ijumaa, 10 Januari 2025

Loveness,

Salamu. Wape wazazi shikamoo yangu.

Barua nimeipata, na jani. Lilikuwa limekunjika katikati, nimelinyoosha ndani ya Biblia. Bibi yangu alitufundisha kwamba aliyepokea isale haulizi tena habari za kosa. Hata aliyeua ndugu yako akija amelishika, unamkaribisha akae. Kwa hiyo sitakuuliza kwa nini ulimwandikia Mwalimu Filemon barua ya mapenzi ukatia jina langu, wala kwa nini uliiacha mahali ambapo mwalimu wa zamu angeiokota na kuisoma paredi. Ningependa kujua, lakini sitakuuliza.

Nitakuambia tu kwa nini naitaka ile barua kwa baba. Siku aliyoitwa shuleni nilimwambia si mimi. Akaniuliza ni nani basi, nikawa sina ushahidi. Tangu siku hiyo huniambia namba tu. Kumi. Kumi na mbili. Kumi na nne. Nampa spana. Nikikosea hasemi, anauacha mkono wake wazi hewani mpaka niweke iliyo sahihi. Shikamoo yangu anaiitikia kwa kichwa. Ile karatasi ameiweka kwenye sanduku la spana, chini ya trei, na kila nikitoa namba ndogo nauona ukingo wake.

Kwa hiyo nitakuchagulia kwa uangalifu. Naomba unijibu: una kilo ngapi? Ukisimama, mguu wako kutoka kiunoni hadi chini una urefu gani? Utabeba nini kila siku? Utavaa nini? Utatoka saa ngapi na kurudi saa ngapi? Na skuta ambazo baba yako ameziona dukani ni zipi?

Mimi katika Bwana,
Anaeli Eliezeri


Machame
Jumanne, 14 Januari 2025

Oili,

Nilimsomea dada barua yako jikoni, tukacheka mpaka maziwa yakachemka yakamwagika. Sasa hapa nyumbani mtu akitaka chumvi haongei, anaweka mkono wazi hewani. Hata mama amejifunza.

Kilo sitini na mbili, ukimtangazia mtu nakukana. Mguu sijui, mrefu kuliko wako. Nitabeba chakula, koti la mvua la mama, na mwavuli. Nitavaa sketi, maana baba. Natoka saa kumi na mbili asubuhi, narudi saa kumi jioni.

Skuta ziko tatu pale dukani mjini. Kuna nyeupe, ndogo, mpya, nzuri mno, ina kioo kirefu mbele na boksi nyuma. Kuna ya kijivu, imenenepa kama ng'ombe mwenye mimba. Na nyekundu ya mtumba.

Halafu soma tena barua yangu ya kwanza. Hakuna mahali nimeandika kwamba nilifanya kitu. Kwa hiyo usijichoshe kumpelekea baba yako.

Na hilo isale usilifanye kubwa. Nililikata mpakani nikienda kumpa ng'ombe majani. Yako mengi.

Loveness


Pasua
Ijumaa, 24 Januari 2025

Loveness,

Nisamehe nimechelewa. Nilitaka kuuona upepo kabla ya kuusemea.

Jumamosi nilipanda gari hadi ulipo mchepuko wa kwenda bandani kwenu. Nilikuwa na fimbo na utepe wa kitenge nimeufunga kwenye ncha. Nilisimama kando ya lami tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Madereva walipiga honi na mmoja aliniuliza kama nimerogwa, nikainamisha kichwa. Lakini sasa naweza kukueleza.

Saa mbili utepe ulikuwa umelala. Asubuhi hutapata shida. Saa nne ukaanza kucheza. Kuanzia saa nane mpaka naondoka ulikuwa umenyooka kama mbao. Upepo hautoki mbele, unakata barabara kwa ubavu. Wewe ukirudi nyumbani utakupiga mkono wa kulia, na haupulizi sawasawa, unasukuma, unaachia, unasukuma tena.

Jumatatu nilikwenda dukani. Nilimwomba muuzaji aniruhusu nizikalie zote tatu na kuziinua. Aliniuliza mara mbili kwa sababu sauti yangu haikumfikia.

Nyeupe usichukue. Ni nyepesi sana, naweza kuinyanyua upande wa nyuma peke yangu. Matairi yake ni madogo kama ya toroli, yakiyumba kidogo usukani wote unafuata. Kioo kirefu kinakukinga na upepo wa mbele, ila wa ubavuni unakikamata na kuugeuza usukani. Lile boksi ndilo baya zaidi. Liko juu na liko nyuma, linashika upepo kama mlango ulioachwa wazi.

Nyekundu bomba zake za mbele zinavuja mafuta. Usichukue.

Chukua ya kijivu. Si kubwa sana na si ndogo, injini ni mia na hamsini, uzito wake uko chini karibu na miguu yako, na matairi yake ni mapana na makubwa. Kioo chake ni kifupi. Chini ya kiti kuna nafasi, chakula na koti vitaingia humo. Mwavuli acha nyumbani. Sketi ifunge isipepee.

Jambo la mwisho ni malori. Lori likiwa upande unakotoka upepo, linakukinga. Utafikiri pametulia. Likishamaliza kupita, upepo unarudi wote kwa mara moja. Hapo ndipo watu wanaanguka. Kwa hiyo ukiona lori, punguza mwendo kabla, kaa katikati ya njia yako, usikamate usukani kwa nguvu, uachie mikono ilegee kidogo.

Kama kuna mstari hukuuelewa niulize. Nimeandika kama ninavyomwandikia mtu ambaye nataka afike.

Anaeli


Machame
Jumanne, 4 Februari 2025

Oili,

Jana nimeanza kazi. Nimefika saa moja kasoro dakika ishirini, mlinzi akaniita bosi.

Nimechukua nyeupe.

Kila mtu bandani ameigusa. Barua ya baba yako isubiri kwanza nione kama skuta ni nzuri. Tulikubaliana hivyo.

Loveness


Pasua
Ijumaa, 7 Februari 2025

Loveness,

Nimesoma mistari yako michache mara nyingi nikitafuta kama ni utani.

Kama huwezi kuirudisha dukani, basi toa kioo na boksi. Boksi lina bolti nne, spana namba kumi. Kioo kina mbili, namba nane. Ni kazi ya dakika kumi na tano na hata ukimaliza itabaki nyeupe vile vile. Asubuhi zako ni shwari kwa hiyo utaona kama nimekutisha bure. Angalia jioni. Angalia malori.

Jumapili baada ya ibada nitapanda Machame na spana zangu. Sitaingia ndani, nitafanyia hapo nje getini. Si lazima unisemeshe. Na kuhusu baba, hilo liache. Hata usipomwandikia, toa boksi.

Anaeli


Machame
Jumanne, 11 Februari 2025

Oili,

Asante kwa kuja. Nilikuona kutoka dirishani, umesimama getini na kimfuko chako saa nzima na nusu. Dada alitaka kukufungulia nikamzuia. Mama aliuliza yule ni nani, nikasema ni muuza mayai.

Unadhani mimi mtoto? Nikupe skuta yangu na spana mkononi mwako, ulegeze breki? Ngoja nikuambie nilivyokusoma. Nilikaa na ile barua yako ndefu nikajiuliza, hivi mimi ningekuwa Anaeli, na mtu aliyeniharibia ananiomba nimchagulie chombo cha kupandia, ningemwambia nini? Ningemwambia achukue ile itakayomuua. Ningeiandika vizuri, kwa upole, na utepe wa kitenge juu yake. Kwa hiyo kila uliposema chukua, nikaacha. Uliposema usichukue, nikachukua.

Na wiki nzima sijaanguka. Umeumia?

Loveness


Machame
Ijumaa, 21 Februari 2025

Kwa Mzee wa Kanisa Eliezeri, Pasua.

Bwana Yesu asifiwe.

Nakuandikia nikiwa nimetoka wodini kwa mwanangu Loveness. Jumatatu akitoka kazini skuta ilimtupa barabarani nyuma ya tela la lori. Nyonga imevunjika na paja mahali pawili. Daktari ametuambia atapona, ila mguu hautarudi urefu wake.

Skuta hiyo ilichaguliwa na binti yako Anaeli. Mwanangu aliandikiana naye mwezi mzima, sisi wazazi tukadhani ni urafiki. Binti aliyemtamani mwalimu wake, sikutegemea mema kwake, lakini kuua sikufikiri.

Leo gari itakuletea hicho chuma. Kitengeneze au kitupe. Nimetaka tu uione kazi ya mwanao kwa macho yako, kabla hujasimama tena madhabahuni kuwasomea watu matangazo.

Mama Loveness


Machame
Jumanne, 11 Machi 2025

Anaeli,

Naandika nimelala, ndiyo maana mistari inapanda.

Niko nyumbani. Kazini wameshaweka mwingine. Mguu wa kulia umefupika kwa upana wa vidole vitatu, dada amepima kwa rula. Wananigeuza kama mkungu wa ndizi, saa mbili upande huu, saa mbili upande ule, kwa hiyo nimepata muda wa kufikiri.

Ilikuwa kama ulivyoandika. Hilo ndilo linalonikera. Lori lilikuwa upande wa upepo, pakatulia, nikajisikia vizuri, nikakaza mikono. Likamaliza kupita. Boksi likavutwa kana kwamba kuna mtu nyuma amelishika. Kabla sijafika chini nilikuwa nimeshaukumbuka ule mstari wako wa mlango ulioachwa wazi.

Sasa nisikilize. Kosa ni lako. Ulijua mimi ni nani. Ulikaa chini ya kitanda changu miaka minne. Mtu mwenye akili angejua kwamba sitaamini neno lake hata moja. Ungenidanganya, ungeniambia chukua nyeupe, nyeupe ni nzuri, leo ningekuwa natembea. Lakini wewe ulitaka kuwa mwema. Wema wako ndio umenilaza hapa.

Kuhusu barua ya baba yako, tulikubaliana skuta ikiwa nzuri. Haikuwa nzuri.

Mama anamwambia kila anayekuja kuniona kwamba ni wewe uliyeichagua. Sijamkatalia. Wanakuja wengi, wanaleta mtori, na ni lazima wapewe jibu.

Loveness


Pasua
Ijumaa, 21 Machi 2025

Loveness,

Pole kwa maumivu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli kwamba unaumwa.

Skuta yako ililetwa kwenye pikapu siku ile ile ya barua ya mama yako. Baba alisoma barua amesimama. Hakunitazama. Walipoishusha alinyoosha mkono akasema kumi na mbili, nikampa, akaanza kuifungua palepale, mbele ya wateja, kama mtu anayechinja. Mimi nilishika taa. Nilidhani akimaliza atanifukuza nyumbani, nilikuwa nimeshapanga nguo zipi nichukue.

Kiti kilikuwa kimepinda, akakivunja kwa bisibisi. Chini yake kulikuwa na koti la mvua la mama yako, bakuli la chakula, na barua yangu ya tarehe ishirini na nne Januari.

Ulikuwa umeiandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Sikujua. Pale niliposema chukua ya kijivu, umeandika: Mtu niliyemwandikia Filemon kwa jina lake hawezi kunitakia mema. Kijivu hapana. Pale kwenye boksi umeandika: Anasema baya, basi ndilo zuri. Chini kabisa, kwenye ule mstari wa kutaka ufike, umechora uso unaocheka.

Baba alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza, akasoma wa pili, akarudia wa kwanza. Kisha akaenda kwenye sanduku la spana, akainua trei, akaitoa ile ya shuleni akaiweka kando ya hii. Wateja wakauliza kama kazi imeisha. Akawaambia waje kesho. Akafunga gereji saa tano asubuhi na kuondoka bila kofia.

Alikwenda Machame, kihambani kwetu, kwenye shamba la ukoo. Alirudi saa tisa. Mimi nilikuwa naosha nati za skuta yako kwenye beseni, sikujua nifanye nini kingine. Alinyoosha mkono wake kama kawaida, nami nikasubiri namba. Ulikuwa na isale. Lilikuwa bichi, limefungwa fundo kama wazee wanavyolifunga. Sijawahi kusikia mzazi akimpelekea mtoto wake isale, na nadhani hata yeye hajawahi kusikia.

Alisema, "Anaeli, mwanangu. Nipokee."

Miezi mitano sikuwa nimesikia jina langu kwa sauti yake. Nililipokea. Ningelipokea hata kama desturi ingeniruhusu kukataa.

Usiku huo kwenye chakula alinisimulia anachotaka kufanya. Barua yako, ile uliyotia jina langu, ilisomwa mbele ya wanafunzi mia sita. Alitaka asimame Jumapili kwenye matangazo asome maneno yako mekundu mbele ya usharika wetu, halafu apande asome na kwenu Machame, ambako mama yako yuko kwaya na wote wanaoleta mtori wanakaa. Amezungumza na mzee mwenzake wa huko, amekubaliwa. Aliniuliza mimi kwanza.

Nilimwambia hapana. Akaniuliza kwa nini. Nikamwonyesha Biblia yangu na jani lako ndani yake. Nikamwambia nimelishika isale la Loveness, na nikiwa nimelishika siwezi kumwaibisha. Baba aliliangalia, akasema limekatwa kwa panga la majani ya ng'ombe, ona ukingo wake. Nikamwambia hata hivyo. Akakubali. Hiyo ni wiki nne zilizopita. Wiki nne wamenitemea mate nikienda kununua mkate, na mimi nilikuwa nimelishika.

Kisha Mama Elisifa akaniletea barua yako ya tarehe kumi na moja.

Nimeisoma kama ulivyonifundisha kusoma, mstari kwa mstari, nikitafuta mtu anataka nini. Ulichosema kuhusu lori nimekielewa. Ulichosema kuhusu wema wangu nimekifikiria siku nyingi, na huenda ni kweli, sijui. Lakini kuna neno moja umeliandika bila hata kubadilisha kalamu. Sijamkatalia.

Skuta imepona. Sikurudisha kioo wala boksi. Jumatano jioni niliipanda mimi mwenyewe mpaka kwenye mchepuko wa bandani, upepo ukiwa umekaza. Inasukumwa, bado ni nyepesi, ila inapita. Mwambie baba yako aje kuichukua asubuhi, asubuhi ni shwari.

Isale la baba liko ndani ya Biblia yangu. Lako ni hili, silishiki tena, nimelikunja palepale lilipokuwa limekunjika. Mama Elisifa atakufikishia leo, kwa hiyo kesho kutwa utakuwa umeshalipata. Ibada yenu huanza saa tatu, na matangazo husomwa kabla ya sadaka. Mwombe dada akufungulie dirisha la upande wa kanisa.

Anaeli Eliezeri